Hospitali ya Serikali Inapokopa, Nani Hasa Anayekopesha?

Sisi watu wa Pwani tunaoishi huku Nakuru huulizwa swali moja na jamaa zetu wa Mombasa na Lamu kila tunaposhuka likizo: yawaje hospitali ya serikali ikose glavu na pamba, ilhali mishahara yetu yakatwa kila mwezi? Jibu la barazani ni kwamba pesa zimeliwa. Huenda pengine zimeliwa kweli, na hapo sina la kutetea. Lakini liko jambo jingine lisilozungumzwa sana. Pesa zipo kwenye karatasi, ila zafika zimechelewa, na katika pengo hilo ndipo hospitali huanza kukopa.

Tazama mwendo wenyewe. Mgonjwa hulazwa leo, akapewa dawa leo, akala chakula cha hospitali leo. Kama ni mwanachama wa Mamlaka ya Afya ya Jamii, yaani SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024, hospitali humtibu kisha hupeleka dai. Dai hukaguliwa, hungoja zamu, ndipo hulipwa. Wakati huohuo muuza oksijeni ataka chake, stima yataka kulipwa, na mfanyakazi wa kibarua ana kodi ya nyumba. NHIF yenyewe iliondoka ikiacha madeni yaliyotajwa kufika karibu shilingi bilioni 30. Machi 2025 Rais Ruto alitangaza kuwa vituo vinavyodai milioni 10 kushuka chini vilipwe chote, na vinavyodai zaidi ya hapo madai yao yahakikiwe kwanza. Kuhakikiwa kwachukua muda, na muda huo mgonjwa hangoji.

Upande wa pili ni mgao wa kaunti kutoka Hazina Kuu. Mwaka wa fedha waanza Julai, lakini ni kawaida magavana kulalamika kwamba mgao wa mwezi fulani haujatoka hata mwezi wa pili au wa tatu wake. Dawa, ambazo tangu 2013 ni jukumu la kaunti, zategemea mgao huo.

Huku Bonde la Ufa mambo yana uzito wake. Hospitali ya rufaa ya Nakuru, ile iliyokuwa hospitali ya mkoa, haihudumii mji tu. Hupokea watu kutoka Baringo, Nyandarua, Narok na kwingineko. Halafu barabara kuu ya kwenda Eldoret yapita Salgaa, mahali ambapo malori yameua watu miaka nenda miaka rudi. Mafuriko yalipoikumba Mai Mahiu usiku wa kuamkia tarehe 29 Aprili 2024, majeruhi hawakuja na kadi za bima mkononi. Katiba, kifungu cha 43, yasema mtu asinyimwe matibabu ya dharura, nami naona hivyo ndivyo ipasavyo. Ila kila dharura kama hiyo hula akiba ya dawa iliyonunuliwa kwa wagonjwa wa wiki nzima, na wa kuijaza upya hajulikani atalipa lini.

Je, hospitali yaweza kwenda benki? Yaweza, kwa mpaka. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 yaruhusu taasisi ya kaunti kukopa kwa muda mfupi ili kuziba pengo la pesa tu. Ni lazima ipate idhini, mkopo usizidi asilimia 5 ya mapato yake yaliyokaguliwa mara ya mwisho, na urudishwe ndani ya mwaka mmoja. Mikopo mikubwa ya kaunti ina mlango mwingine, wa dhamana ya serikali kuu na kibali cha bunge la kaunti.

Tufanye hesabu ya mfano. Tuseme hospitali ndogo yaingiza shilingi milioni 2 kwa mwezi, na malipo yake yachelewa miezi 3. Basi yadai milioni 6. Mapato ya mwaka ni milioni 24, na asilimia 5 ya hizo ni milioni 1.2. Pengo ni milioni 6, ruhusa ni milioni 1.2. Na lau ingeruhusiwa kukopa zote 6 kwa riba ya asilimia 15 kwa mwaka, miezi mitatu ingeigharimu 225,000. Pesa hizo hakuna bima itakayozirudisha, kwani SHA hulipa matibabu, hailipi riba.

Kwa hiyo hospitali hukopa kwingine, bila kuliita kukopa. Huchukua vitu kwa mali kauli. Muuza mboga, muuza mkate, mwenye gesi, wote huleta mali na kuondoka na karatasi. KEMSA, shirika la taifa la dawa, huzidai kaunti mabilioni, na limewahi kuzifungia dawa kaunti zilizolimbikiza deni. Mfanyabiashara naye si mjinga. Akijua atalipwa baada ya miezi sita, bei yake huipandisha tangu mwanzo, na riba huwa imeshaingia ndani ya bei ya sabuni bila mtu kuiona. Zahanati huazimana dawa na zahanati jirani, jambo jema mradi jirani anacho. Vibarua nao hungoja ujira.

Mkopeshaji wa mwisho ni mgonjwa. Mwaka jana nilimsindikiza shemeji yangu kwenye kituo kimoja cha umma, si mbali na mjini, akiwa na uchungu wa kuzaa. Muuguzi alitupokea vizuri, kisha akatuandikia glavu, uzi na dripu tukanunue duka la nje. Tukanunua. Michango ya shemeji kwa SHA ilikuwa imelipwa. Zile pesa zetu zilikuwa mkopo kwa hospitali, usio na riba, na usio na siku ya kulipwa.

Sheria ya Ufadhili wa Uboreshaji wa Vituo, iliyotiwa saini Oktoba 2023, ilikuja kupunguza dhiki hii. Kabla yake kaunti nyingi zilikuwa zikizoa mapato ya hospitali na kuyatia kwenye mfuko mkuu wa kaunti, kisha hospitali ikaomba kurudishiwa. Sasa kituo chapaswa kubaki na mapato yake yote na kuyatumia chini ya bodi yake. Ni hatua kubwa, lakini hauwezi kubaki na pesa ambazo hazijafika.

Hospitali za binafsi hukopa benki zikiyatumia madai yao kama dhamana, na wapo wanaotaka za umma zifuate njia hiyo. Mimi nasita. Benki ikilipwa riba, bajeti ya dawa ndiyo itakayopungua, na mwenye kuchelewesha malipo hatapata hasara yoyote. Afadhali riba iwekwe juu ya anayechelewa: dai lililokubaliwa lisipolipwa kwa siku zilizoahidiwa, lianze kuzaa, na faida iende kwa hospitali. Kwa sasa ni kinyume chake, na anayelipia kuchelewa ni yule aliyetumwa dukani kununua glavu.