Kweli au Si Kweli: Risasi Kubwa Hufuta Kosa la Shabaha?

Mwindaji mwenye leseni ana deni kwa mnyama anayemlenga: afe upesi, asiteseke. Yapo mengi yanayosemwa kuhusu namna ya kulilipa. Tuyapime matano.

"Risasi kubwa hufuta kosa la shabaha." SI KWELI. Mskoti Walter Bell, aliyepata jina la Karamojo kwa kuwinda Karamoja, Uganda, aliua tembo zaidi ya 1,000, wengi kwa bunduki ya milimita 7, ndogo kabisa mbele ya bunduki za tembo za enzi yake. Alipasua fuvu la tembo kwa msumeno ajue ubongo umekaa wapi. Mauaji yale ya kusaka pembe hayafai kurudiwa, ila somo la mwili limebaki: nyati aliyepigwa tumboni kwa risasi nzito huenda akateseka kwa saa nyingi.

"Basi nishati haina kazi." SI KWELI. Risasi ya gramu 10 iendayo mita 800 kwa sekunde hubeba jouli 3,200. Nishati hiyo ndiyo huipitisha kwenye ngozi, misuli na mifupa hadi kwenye moyo na mapafu. Kadiri inavyosafiri ndivyo inavyopungua, kwa hiyo anayepiga kwa mbali hupoteza nguvu na shabaha kwa pamoja. Risasi laini inayomtosha swala yaweza kusambaratika begani mwa nyati kabla haijafika ndani.

"Risasi humsukuma mnyama akaanguka." SI KWELI. Nyati wa kilo 600 akiimeza yote risasi ile ya gramu 10, msukumo wake haumpi hata mwendo wa sentimita 2 kwa sekunde. Anayeanguka papo hapo mara nyingi ameguswa ubongo au uti wa mgongo.

"Akikimbia, umemkosa." SI KWELI. Hata moyo ukipasuka, oksijeni iliyomo ubongoni humtosha kwa sekunde kumi hivi, na swala hukata mita mia kwa muda huo. Nenda pale aliposimama, utafute damu. Yenye povu hutoka mapafuni. Iliyochanganyika na majani yaliyotafunwa hutoka tumboni, na hapo una kazi ndefu ya kufuata nyayo. Usiiache mpaka umemmaliza.

"Moyo uko chini kuliko unavyodhani." KWELI. Nyumbu ana mabega yaliyoinuka, na jicho huvutwa juu, mahali penye mifupa mirefu ya mgongo na nyama tupu. Moyo umelala chini kifuani, katikati ya miguu ya mbele. Akisimama ubavu, fuata mguu wa mbele kwenda juu, uishie theluthi ya kwanza ya kifua.

Kama kichaka kimeficha bega, au mkono unatetemeka, shusha bunduki. Mnyama aliyeondoka mzima hatudai kitu.