Nyufa za kupendeza: Gitaa la Nairobi lilivyovishwa rangi mpya Arusha

OFISA wa forodha pale Namanga aliligeuza lile gitaa mara mbili, akachungulia nyuma ya kichwa chake, kisha akaniuliza swali ambalo kila anayevuka mpaka na mzigo amewahi kuulizwa: ni la kwako au la kuuza? Nikamjibu kuwa ni la binamu yangu, mpiga gitaa wa bendi ya harusi mjini Arusha, nami nimetumwa tu. Akataka risiti. Nilikuwa nayo, karatasi iliyoandikwa kwa mkono na muuzaji wa vyombo vya muziki vilivyotumika jijini Nairobi: gitaa moja la umeme, Sh14,000 za Kenya, pamoja na namba iliyochapwa nyuma ya kichwa. Akalinganisha namba ya risiti na ya gitaa, akanielekeza dirishani, nikalipa nilichoandikiwa na kurudi kwenye basi.

Namba hiyo nitairudia, maana nusura ipotee.

Gitaa lenyewe lilikuwa zima kwa sauti na bovu kwa sura. Shingo ilinyooka na vinasa sauti vilifanya kazi, lakini rangi nyekundu ilikuwa imebanduka hadi mbao ikaonekana, ubavuni kulikuwa na alama ya sigara, na mgongoni gundi ya stika za mwenye nalo wa zamani. Kwa anayepigia nyumbani hilo si tatizo. Kwa bendi ya harusi ni tatizo kubwa, kwa sababu kamati ya harusi hutazama kabla ya kusikiliza. Binamu alitaka lipakwe rangi ya nyufa: nyeusi juu, dhahabu ikichungulia katika mipasuko, na klia ya kung'aa juu ya vyote.

Mtindo huo si mgeni. Katika miaka ya 1980 kampuni za Marekani kama Jackson na Charvel ziliuza magitaa yenye nyufa za namna hiyo kwa wapiga roki. Wala kupeleka gitaa kwa fundi wa magari si jambo la kushangaza. Fender, miongoni mwa kampuni kubwa za magitaa ya umeme duniani, ilipoanza kuuza magitaa ya rangi za kuchagua katika miaka ya 1950 na 1960, ilitumia rangi za DuPont zilezile zilizopakwa magari. Kwa hiyo tulipolipeleka kwa fundi wa kupuliza magari, mzee mmoja mwenye gereji eneo la Unga Limited, tulikuwa kwenye njia iliyokwishapitwa na wengi.

Na njia ya Arusha na Nairobi ina historia yake kwa watu wa gitaa. Ndugu Wilson na George Kinyonga walitoka Tanga, wakapitia Arusha, kisha wakavuka kwenda Kenya, ambako Simba Wanyika ilizaliwa mwaka 1971. Muziki ulivuka mpaka huu miaka mingi kabla Jumuiya ya sasa haijaundwa.

Kilichonishinda kuelewa mwanzoni ni jinsi rangi inavyopasuka kwa makusudi. Fundi alinieleza huku akikoroga. Nyufa zinatokea pale tabaka la juu linapokauka na kusinyaa haraka huku la chini likiwa limetulia. La juu linavutwa pande zote, halina pa kwenda, linachanika. Likipakwa nene, nyufa zinakuwa pana na chache. Likipakwa jepesi, zinakuwa nyembamba na nyingi kama utando wa buibui. Ipo rangi maalumu ya kazi hiyo inayouzwa kwenye makopo ya kupuliza, ila fundi hakuwa nayo. Alitumia njia ya maseremala wa fanicha: rangi ya chini, kisha gundi nyeupe ya mbao, na gundi ikiwa bado inanata, rangi ya maji juu yake kwa mkupuo mmoja. Brashi ikipita mahali ilipokwisha kupita, nyufa zinazibika na haziji tena.

Gitaa likafunguliwa. Nyuzi zikatolewa, skrubu nne za shingo zikalegezwa, daraja na vinasa sauti vikang'olewa. (Kwa Kiingereza cha wanamuziki kinasa sauti huitwa pikapu, na mara mbili siku hiyo mafundi wa gereji walidhani tunazungumzia gari.) Binamu alipiga picha kila waya kabla ya kuukata. Ni jambo dogo, lakini upo waya mmoja unaokwenda kwenye daraja la nyuzi ambao ukisahauliwa gitaa linavuma kama nyuki.

Mwili ukapigwa msasa namba 120 hadi rangi ya zamani ikaisha makali, kisha 220, kisha 320. Mashimo yakazibwa kwa pati, ikaja praima. Kijana wa gereji alikwishashika shingo naye aisugue kichwa kizima pale binamu alipomrukia. Namba ilikuwa hapohapo, imechapwa juu ya rangi, na msasa ungeifuta kwa sekunde tano. Gitaa lisilo na namba, lenye rangi mpya, na risiti inayotaja namba isiyoonekana: anayefanya biashara ya mipakani anajua maswali yatakayofuata. Tukaifunika kwa tepu ya karatasi.

Hatukukumbuka kufunika tundu ambamo shingo hukaa. Kosa hilo lilitugharimu saa nzima ya kukwangua kwa patasi, kwani shingo hukaa kwa kubana na matabaka matatu ya rangi yanatosha kuizuia isiingie.

Ilikuwa Jumatano na harusi ilikuwa Jumamosi. Fundi alipuliza dhahabu ya gari, ikang'aa. Alhamisi asubuhi akapaka gundi, kisha nyeusi. Kabla ya saa moja kupita nyufa zikaanza kufunguka mbele ya macho yetu, kwanza pembeni kisha katikati, mipasuko ya dhahabu kwenye ngozi nyeusi kama udongo wa bwawa lililokauka. Wapita njia walisimama kutazama. Binamu akasema aliona tayari jinsi taa za ukumbi zitakavyolipiga.

Ijumaa asubuhi fundi akamwaga klia, ile ya magari inayochanganywa na hadina, nzito na yenye maji. Hadi adhuhuri ilikuwa na ukungu mweupe kama glasi iliyopuliziwa pumzi. Jioni, pale binamu alipogusa ukingo kwa kucha, kipande cha ukubwa wa sarafu kilibanduka chote: klia, nyeusi na gundi kwa pamoja, dhahabu ikabaki uchi. Harusi ya Jumamosi alipiga kwa gitaa la kuazima.

Makosa yalikuwa mawili, na yote yalitokana na haraka. Dhahabu ya gari ilikuwa laini kama kioo na haikuguswa kwa msasa, kwa hiyo gundi haikupata pa kushika. Na rangi ya maji pamoja na gundi yake vilikuwa bado na unyevu ndani. Klia ilipofunika juu, unyevu ukakosa mlango. Nguo iliyokunjwa mbichi inaota ukungu, na hapa haikuwa tofauti.

Raundi ya pili ilichukua mwezi na siku kadhaa. Kila kitu kikasuguliwa upya. Dhahabu ikapakwa, ikakaa siku tatu, ikakwaruzwa kidogo kwa msasa 400. Gundi safari hii ikapakwa nyembamba, nyeusi mkupuo mmoja, kisha gitaa likaning'inizwa juani na kivulini kwa wiki nzima bila mtu kuligusa. Ndipo klia. Fundi hakumwaga, alirusha vumbi tu, mipulizo mikavu ya mbali, akasubiri, akarudia. Klia nzito ikitangulia inalainisha nyufa na kuziinua. Baada ya mipulizo mitatu ya vumbi ndipo alipothubutu kulowesha.

Na hapa ndipo wengi wanapoharibu kazi iliyokwisha kuwa nzuri. Uso wa nyufa una vilima na mabonde. Klia ikiwa nyembamba, ukianza kusugua ili iwe laini unakata vilele na kutoboa nyeusi. Ilibidi ipulizwe tena na tena kwa siku kadhaa, hadi mabonde yakajaa na kidole kikapita bila kukwama. Kisha kusubiri wiki tatu. Kisha msasa wa maji, 1000, 1500, 2000, na mwisho dawa ya kung'arisha magari. Matundu ya skrubu yalizibwa kwa nta ya mshumaa, kwa sababu maji yakiingia kwenye mbao inavimba na kupasua rangi, na nyufa hizo si zile ulizolipia.

Wiki tatu zilitokana na uamuzi mmoja ninaotaka wasomaji wanaosafirisha rangi na thina wausikie. Klia yenye hadina ingekauka kwa siku chache na kuwa ngumu zaidi. Lakini hadina nyingi za klia za magari zina kemikali za jamii ya aisosaineti, zinazojulikana duniani kote kwa kusababisha pumu kwa wapuliza rangi. Mwili ukishazikataa, kiasi kidogo tu kinaweza kuamsha shambulio, hata kwa mtu aliyezipuliza miaka mingi bila tatizo. Pua haisaidii kuonya. Kitambaa usoni kinazuia vumbi, hakizuii mvuke. Kinachotakiwa ni barakoa inayoletewa hewa safi kwa mpira kutoka nje. Siku ile ya Ijumaa fundi alipuliza akiwa amejifunga leso, nasi tumesimama hatua nne kutoka kwake tukishangaa mng'ao.

Nilipoleta habari hiyo hakubisha. Alisema kifua humbana usiku baada ya kazi kubwa, naye alidhani ni umri. Kwa gitaa akakubali klia isiyo na hadina, iliyo laini zaidi na inayotaka subira, na ambayo nayo hutaka hewa ya kutosha na kuwekwa mbali na moto. Kwa magari anaendelea na hadina, kwa sababu wateja hawasubiri wiki tatu. Barakoa ya hewa inagharimu zaidi ya anachopata kwa gari moja. Sikuwa na la kumjibu.

Kwa upande wa hesabu, fundi alitutoza Sh80,000 za Tanzania kwa raundi zote mbili, na klia ilikula zaidi ya nusu ya hela ya vifaa. Kwa anayefikiria kununua magitaa yaliyochakaa upande mmoja na kuyauza upande wa pili yakiwa na sura mpya, faida ipo, ila inategemea muda kuliko mtaji. Na hati rahisi ya uasili ya Jumuiya, ile ya mizigo isiyozidi Dola 2,000, ni ya bidhaa zilizozalishwa ndani ya nchi wanachama. Gitaa lililotoka kiwanda cha Asia halizaliwi upya kwa kupakwa rangi Arusha. Ukiulizwa, gitaa la umeme lipo chini ya kifungu cha ushuru 9207. Kulitaja kwa jina lake kunaokoa mabishano.

Jambo jingine ni mbao. Ubao wa vidole wa magitaa mengi ni wa jamii ya mpingo, inayodhibitiwa na mkataba wa kimataifa wa CITES. Tangu Novemba 2019 vyombo vingi vya muziki vilivyokamilika vya mbao hizo vimesamehewa vibali vyake, lakini gogo au ubao mtupu wa mpingo haujasamehewa. Usichanganye hivyo viwili kwenye mzigo mmoja.

Na ukiwa mnunuzi, rangi ya nyufa ikutie shaka kidogo. Hakuna rangi inayoficha ufa wa kweli vizuri kama iliyojaa nyufa za bandia. Mwambie muuzaji afungue shingo, utazame tundu lake. Tazama shingo kwa jicho moja kutoka kichwani kama unavyotazama mbao ya seremala. Ulizia picha za kabla ya rangi. Namba ikiwa haipo, acha. Na ikitokea bahati ukapata gitaa la zamani la Marekani lenye rangi yake ya kiwandani, hata ikiwa imechubuka namna gani, usilipeleke kwa fundi yeyote. Wanunuzi wa magitaa ya kale hulipia michubuko hiyo, na rangi mpya hushusha bei.

Binamu amekwishapiga harusi nne na gitaa lake. Klia imepata mkwaruzo mmoja mahali mkanda unapogusa, vingine viko palepale. Mwezi uliopita mfanyabiashara anayeleta spika kupitia Rusumo aliliona jukwaani, akataka kulinunua papo hapo. Aliponyimwa akauliza kama fundi anaweza kumpakia matatu kabla ya mwisho wa mwezi. Fundi alimtazama, akahesabu kwa vidole, akamwambia ayalete, na arudi kuyachukua baada ya wiki sita.