Gobore la fundi haliokoi shamba

MAHINDI yanapokomaa Mdandu, mkoani Njombe, mkulima aliyevamiwa na nguruwe pori usiku hushawishika kumtafuta fundi wa gobore. Ni hesabu mbovu.

Gobore la kienyeji hushindiliwa baruti mdomoni na hupiga mara moja tu. Mtutu wake mara nyingi ni bomba la maji, laini kwa ndani. Raifali ya kiwandani, hata ya risasi moja, ina mifereji ndani ya mtutu inayoizungusha risasi ili isipepesuke. Fundi anaweza kunyoosha bomba na kuchonga kitako upya hadi achoke; shabaha haipatikani. Na bomba likipasuka, anayeumia ni mwenye shamba, si nguruwe.

Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inataka kibali kwa anayemiliki silaha na kwa anayeitengeneza. Mwaka 2023 Serikali ilitoa nafasi, Septemba 1 hadi Oktoba 31, ya kusalimisha silaha haramu bila kushtakiwa.

Aliyevamiwa apeleke taarifa kwa mtendaji wa kijiji, ili ofisa wanyamapori wa halmashauri aitwe. Wakati akisubiriwa, majirani walinde kwa zamu, kwa moto na madebe. Fundi naye ana kazi halali: majembe ya plau hayaishi kuvunjika.