Uwanja Siku Isiyo na Mechi

Nairobi inapofiwa na mtu mkubwa, huelekea Uwanja wa Nyayo. Daniel arap Moi aliagwa hapo Februari 2020, Mwai Kibaki Aprili 2022, Raila Odinga Oktoba 2025. Ulipofunguliwa mwaka 1983 ulikuwa uwanja wa michezo. Siku hizi ni baraza la jiji zima, karibu tu na katikati ya mji.

Baraza hilo lina wenyewe wengi. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linazikabidhi kaunti shughuli na vifaa vya michezo, lakini viwanja vya Nyayo na Kasarani viko mikononi mwa Sports Kenya, shirika la serikali kuu lililozaliwa na Sheria ya Michezo ya 2013. City Stadium ya Barabara ya Jogoo ni ya kaunti. Ukitoka langoni, wachuuzi na taka ni mzigo wa kaunti, ilhali barabara kubwa nyingi zinasimamiwa na mamlaka za kitaifa.

Maandalizi duni nayo yana gharama. Kenya ilipokonywa Kombe la Mataifa ya Afrika (AFCON) la 1996, kisha CHAN ya 2018, michuano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, ikaenda Morocco kwa sababu viwanja havikuwa tayari. CHAN ilipofika hatimaye Agosti 2025, mashabiki wasio na tiketi walijipenyeza Kasarani, na Shirikisho la Soka la Afrika, CAF, likapunguza idadi ya watazamaji.

Sasa macho yameelekezwa magharibi mwa jiji. Kando ya Ngong Road, jirani na Jamhuri, unajengwa Uwanja wa Talanta wa viti 60,000 kwa ajili ya AFCON 2027. Fedha zake zilitafutwa sokoni: hati fungani ya takriban shilingi bilioni 44.8, yenye riba ya karibu asilimia 15, iliorodheshwa katika Soko la Hisa la Nairobi Julai 2025. Deni la namna hiyo halilipiki kwa mechi chache za kimataifa. Ndiyo maana mjadala muhimu unahusu siku ambazo hakuna mechi: watoto wa Kibera na Woodley wataingia kwa masharti gani, na reli ya abiria ya Kikuyu, inayopita Kibera, itaunganishwaje na lango?

Kuna pia suala la maji ya mvua. Kwa mvua ya milimita 900 kwa mwaka, paa la mita za mraba 10,000 hupokea lita milioni tisa. Yakivunwa, yatanywesha nyasi. Yakiachwa, yatateremka mitaani, katika jiji lililozama kwa mafuriko ya 2024.

London ilikabidhi eneo lake la Olimpiki ya 2012 kwa shirika moja lenye mamlaka ya mipango miji. Uwanja wenyewe bado umewagharimu walipa kodi, lakini nyumba, bustani na usafiri vilipangwa pamoja. Nairobi haihitaji kuiga kila kitu. Inahitaji meza moja ambapo kaunti, Sports Kenya, wasimamizi wa barabara na reli, na wakazi wa Ngong Road watakaa kabla ya 2027, huku ratiba ya matumizi ya kila siku ikiwa ajenda ya kwanza.