Kijiti cha Kushoto ni cha Kaka

Josef Fares alikuwa mwongozaji wa filamu kabla ya kuingia kwenye gemu. Mzaliwa huyu wa Beirut aliyekulia Sweden alijipatia jina mwaka 2000 kwa filamu ya vichekesho, Jalla! Jalla!. Mwaka 2013 akatoa gemu yake ya kwanza, Brothers: A Tale of Two Sons, na humo akasimulia jambo ambalo kamera zake zisingeliweza.

Kisa chenyewe angeweza kukisimulia bibi yeyote jioni moja. Baba ni mgonjwa mahututi, wanawe wawili wanafunga safari kufuata maji ya Mti wa Uzima. Wahusika wanaongea lugha ya kubuni, kwa hiyo maneno hayabebi chochote. Mzigo wote uko kwenye vidole gumba vya mchezaji. Pedi ya kuchezea ina vijiti viwili; katika gemu nyingi kimoja humtembeza mhusika na kingine hugeuza kamera. Fares aliamua cha kushoto kimwendeshe kaka, cha kulia mdogo wake, kila mmoja na kitufe chake. Mwanzoni mchezaji hutapatapa, huyu anagonga ukuta na yule anazunguka. Baadaye mikono inazoea.

Mdogo anaogopa maji, maana mama yao alizama mbele ya macho yake. Wakivuka mto, hung'ang'ania mgongoni mwa kaka. Karibu na mwisho (asiyetaka kuharibiwa utamu aruke hapa) kaka anafariki, na ni mchezaji anayemburura hadi kaburini na kumfukia kwa kijiti cha kulia. Cha kushoto kimekufa naye. Mtoto akirudi nyumbani anakutana na maji, na kitufe chake hakimsogezi. Mchezaji akibonyeza cha marehemu, mtoto anajitosa na kuogelea.

Riwaya ingetamka kwamba ujasiri wa kaka umehamia kwa mdogo. Filamu ingeonyesha sura ya kaka ikipita kama kumbukumbu, na pengine muziki juu yake. Hapa hakuna anayeambiwa kitu; kidole kilichokaa bure tangu mazishi ndicho kinachogundua. Inasikitisha kwamba gemu nyingi zenye bajeti nono bado zinaazima sinema: jambo zito likikaribia, mchezaji anaweka pedi chini na kutazama.

Mwaka huohuo wa 2013 Lucas Pope, Mmarekani, alitoa gemu ya Papers, Please. Mchezaji ni ofisa wa uhamiaji mpakani mwa Arstotzka, nchi ya kubuni, mwaka 1982. Analipwa kwa idadi ya watu aliowahudumia, na jioni mshahara unagawanywa kati ya kodi ya nyumba, chakula na joto la kuwakinga na baridi mke, mtoto, mama mkwe na mjomba. Siku moja anapita mwanamume mwenye karatasi safi, anaomba mkewe aliye nyuma yake asaidiwe. Mke anafika dirishani bila kibali cha kuingia. Akirudishwa, anasema, atauawa.

Msomaji wa riwaya angemlaani ofisa katili, kisha akafungua ukurasa mwingine. Mchezaji ana mihuri miwili mkononi, saa inakwenda, foleni ni ndefu. Makosa mawili ya kwanza kwa siku huishia kwenye onyo, kwa la tatu hukatwa mshahara. Aliyeyamaliza mawili hayo asubuhi, kwa uzembe wa kutosoma tarehe vizuri, anamtazama mwanamke huyu huku akipiga hesabu ya dawa ya mtoto wake mwenyewe.