Msumari, Skurubu au Ulimi: Kuunga Mbao Karibu na Bahari

Fremu ya dirisha iliyoungwa kwa misumari ya kawaida na kutiwa katika nyumba iliyo karibu na ufuko wa Kimbiji haikawii kuonyesha dosari yake. Kwanza hutokea doa jeusi kuzunguka kichwa cha kila msumari. Kisha rangi hubambuka. Hatimaye kona hufunguka, hali mbao zenyewe zingali nzima. Mwenye nyumba humlaumu fundi, na fundi huwalaumu wauza mbao. Aghalabu kosa halimo katika mbao hata kidogo, bali katika kitu kilichotumiwa kuziunga.

Hewa ya pwani hubeba unyevu na chumvi. Chumvi huvuta maji kutoka hewani, na maji hayo ya chumvi hupitisha umeme mdogo unaoharakisha kutu. Nayo kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, hivyo hutanua tundu na hata kuupasua ubao. Tena, baadhi ya mbao zina tanini, dawa ile ile iliyomo katika magome ya mikoko ambayo hutumika kutengenezea ngozi. Tanini ikikutana na chuma penye unyevu hutoa weusi kama wino. Hiyo ndiyo asili ya lile doa.

Kwa kazi ya nje, basi, yafaa misumari iliyochovywa katika zinki, kwani zinki huliwa kwanza na kukihifadhi chuma. Ile yenye koti nene na uso mkavu hudumu kuliko ile inayometameta kwa koti jembamba. Skurubu za shaba ya njano ni bora zaidi, lakini hapa fundi hana budi kuwa macho: nyingi zing'aazo dukani ni chuma kilichopakwa tu, na kipande cha sumaku chatosha kuzifichua. Shaba halisi ni laini, nayo hukatika shingo ikikazwa kwa nguvu katika mbao ngumu kama mvule. Mafundi wazoefu hutangulia kutoboa kwa kekee, wakakaza skurubu ya chuma ya kipimo kile kile ili ichonge njia, wakaitoa, ndipo wakatia ile ya shaba iliyopakwa sabuni au nta.

Msumari hushika kwa msuguano: nyuzi za mbao hutanuliwa, nazo huubana kutoka pande zote. Kwa sababu hiyo msumari uliopigwa katika ubavu wa ubao hushika vizuri, bali uliopigwa katika kichwa cha ubao, sambamba na nyuzi, hushika kidogo na kutoka upesi. Kanuni ya zamani yasema urefu wa msumari uwe kama mara tatu ya unene wa ubao wa juu, ili theluthi mbili zizame katika ubao wa chini. Ubao ukielekea kupasuka, ncha ya msumari hubutuliwa kwa nyundo. Ncha butu hukata nyuzi badala ya kuzitenganisha kama kabari.

Skurubu hushika kwa meno yake, nayo yaweza kufunguliwa na kurudishwa. Ndiyo ifaayo kwa bawaba na kwa kila kitu kitakachohitaji matengenezo. Hata hivyo, si msumari wala skurubu unaoweza kuchukua nafasi ya kiungo kilichochongwa. Katika kona ya fremu, ulimi ulioingia barabara katika tundu lake hubeba uzito kwa mbao zenyewe, na kijiti cha mbao kilichopitishwa ubavuni huuzuia usichomoke. Kijiti hakishiki kutu. Wanamaji wa pwani hii walilijua jambo hilo: mitepe ya visiwa vya Lamu ilishonwa kwa kamba za nazi na kutiwa vijiti vya mbao, bila misumari ya chuma, na kitabu cha Kiyunani cha karne ya kwanza chataja vyombo vya kushonwa katika pwani ya Afrika Mashariki.

Yabaki mwendo wa mbao. Ubao hunywa unyevu wakati wa masika na kuutoa wakati wa kiangazi, ukipanuka na kusinyaa kwa upana. Kwa urefu haubadiliki sana. Juu ya meza pana iliyokazwa kwa skurubu kila upande haina pa kusogea. Meza hiyo ikitengenezwa Kimbiji kisha ikapelekwa Dodoma, kwenye hewa kavu, itapasuka katikati kwa sauti ya kuwashtua wenyeji wake. Dawa yake ni rahisi: skurubu za chini zipitishwe katika matundu marefu kidogo, yaliyochongwa kufuata upana wa meza, zikazwe juu ya washa, na gundi isitiwe mahali hapo.