Ingia Mbuga na Mbogi Yako

Mathree za Ronga hupita kando ya fensi ya Nairobi National Park kila asubuhi, na wasee kibao ndani wamedoze ama wamezama kwa simu. Ng'ambo ya hio waya kuna simba na vifaru, kilomita mraba 117 za nyasi na miti, na hio mbuga imekuwa hapo tangu 1946. Sasa uliza mbogi yako ni nani ashawai ingia. Wengi waliingia na basi ya shule wakiwa praimo, wakacheki nyani, wakarudishwa nyumbani. Hio kitu hunisumbua sana, juu hizi mbuga ni zetu, na kuna mzungu amepanda ndege masaa nane anazijua kutushinda.

Sababu yenye huwa naskia ni chapaa. Sawa, doo ni noma, siwezi bisha. Lakini mara mingi chenye hukwamisha watu ni mpango. Msee anacheki picha za Mara, anaulizia bei ya loji na Land Cruiser, anarusha simu kwa kitanda, na safari imekufa hapo hapo. Mara ni tamu, sikatai. Mi ningekushow uanze na Hell's Gate, kule Vasha.

Hell's Gate ni moja ya mbuga chache Kenya zenye unaruhusiwa kutembea na miguu ama kuendesha baiskeli katikati ya wanyama. Ndai haihitajiki, na ndai ndo humeza ganji ya safari kushinda kitu kingine chochote. Unadandia mat ya Vasha mangware pale side za River Road. Ni ka kilomita 90 hivi. Ukifika Vasha tao, shika ingine ya Kongoni, inafuata Moi South Lake Road, mashamba ya maua yakipita dirishani. Mwambie makanga akushukishe kona ya Elsa Gate. Hapo kona ndo vijana wa baiskeli hukaa.

Usilipe kabla hujaijaribu. Finya breki ya mbele peke yake, halafu ya nyuma. Inua gurudumu la nyuma uzungushe pedeli uskie ka cheni inaruka. Finya tairi na kidole gumba. Pandisha kiti hadi goti likaribie kunyooka ukikanyaga pedeli chini, juu ukiacha kiti kikiwa chini, jioni magoti zitakulilia. Na chukua namba ya simu ya mwenye baiskeli, pancha za huko hazipigi hodi.

Ndani, barabara inapita kati ya miamba mirefu imesimama wima. Wa kwanza kukutana nao ni Fischer's Tower, mita 25 kwenda juu, na ukitulia chini yake kiasi utacheki pimbi wakitoka kuota jua. Songa mbele mos mos. Punda milia wanaweza kuwa hapo kando ya barabara, na ukizima mdomo unaskia venye wanang'oa nyasi na meno. Kwa gari huwezi skia hio kitu. Ngiri anakata mbio mkia ukiwa juu, watoto wake wamejipanga nyuma. Twiga anasimamisha kutafuna, anakucheki, anaendelea. Mi naamini msee akishawai kaa hapo dakika kumi bila kuongea, hatawai skia story ya mbuga ikimegwa akanyamaza.

Nyati ndo wa kuogopa. Ukimcheki, achana na selfi. Baki barabarani, rudi nyuma polepole, ngojea wenzako mfike mkiwa rende. Dume lenye linatembea peke yake usilisongelee hata kidogo.

Halafu Gorge. Hio mfereji ya mawe ilichongwa na maji, na maji hurudi. 2012 mafuriko ya ghafla yalishika vijana wa kanisa humo ndani, saba wakaaga. 2019 ikarudi, watu saba tena. Mvua inaweza kunyesha mbali huko juu na nyinyi chini mko na jua kali, hamna habari. Uliza renja langoni ka Gorge iko wazi siku hio, ingia na msee wa kuwaongoza mwenye anajua pa kupandia, na mawingu yakianza kuwa meusi tokeni, hata kama mlikuwa mmebakisha kona moja.

Sasa mambo ya lango. Mbuga za KWS hazishiki keshi. Unalipa kwa eCitizen, na bei ya mwananchi iko chini mbali sana na ya mgeni, kwa hivyo usisahau kitambulisho. Maliza hio kazi ukiwa bado keja, net ikiwa fiti, uweke risiti kwa simu. Chupa za plastiki za kutumia mara moja zilipigwa marufuku mbugani tangu Juni 2020. Jaza maji kwa chupa ya kurudia, na beba mingi kushinda chenye unadhani unahitaji. Chapo na ndengu zifunge vizuri kabisa, nyani wa huko wamezoea watu na mfuko ukilia kidogo tu wamefika. Luku usistress nayo, vumbi la pale litawapaka wote rangi moja.

Kwa upande wa doo, mbogi zenye hufika kweli huwa na mtu mmoja wa kushika kapu. Mnachanga mdogo mdogo kila Ijumaa, tarehe inafungwa mapema, na yule anahepa dakika ya mwisho pesa yake inabaki kwa kapu. Isemwe siku ya kwanza, kila mtu akiwa anacheka, ndio isilete vita baadaye.

Kapu likishazoea kujaa, Kenya inafunguka. Madaraka Express husimama Mtito Andei na Voi, na lango la Tsavo East haliko mbali na Voi tao. Huko lazima gari, lakini gari la safari hukodiwa zima, halihesabu vichwa, mkiwa saba mnagawa kwa saba. Ndovu wa Tsavo wako wekundu juu ya ule udongo wanajirushia. Tsavo East na West ukiziunganisha zinapita kilomita mraba 20,000, kwa hivyo mnaweza kaa kitambo bila kucheki gari ingine. Amboseli amkeni kabla ya jua, Kilimanjaro hupenda kujifunika mawingu asubuhi ikisonga.

Na Mara, ile mlikuwa mnaiota. Iko chini ya kaunti ya Narok, si KWS, kwa hivyo tiketi yake ni hesabu tofauti. Nyumbu huwa upande wetu kati ya Julai na Oktoba, na bei hupanda nao. Mkienda Mei ama Novemba matope yatawasumbua, nyasi zitakuwa ndefu, lakini mahema hushuka bei, na simba wa Mara hawafuati nyumbu hadi Serengeti. Wako tu.

Mkikodi gari huko, ongea na dereva mapema, kabla hajawasha injini. Mwambieni hamtaki asongelee duma. Duma huwinda mchana, na magari yakimzunguka anapoteza swala, watoto wake wanalala njaa. Madereva wengi husonga juu wanadhani wateja ndo wanataka hivyo, na wanaogopa kukosa tipu. Basi mshow wazi kwamba tipu yake iko, hata ka duma mtamwona na darubini peke yake.